Kutunza na Kutengeneza Miguu Iliyokufa Ganzi: Mwongozo wa Nyumbani na Saluni

Watu wengi wenye ganzi ya miguu huitambua siku ndala inapochomoka njiani na mwenyewe akaendelea kutembea, mpaka mtoto au jirani amwite na kumwonyesha kwamba mguu mmoja uko peku. Wengine husimulia kwamba wanahisi kama wanakanyaga sufi, au kwamba usiku nyayo zinawaka moto ilhali mchana hazihisi hata mwiba. Mambo haya mawili, maumivu yasiyo na jeraha na jeraha lisilo na maumivu, huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, nayo hutokana na kuharibika kwa neva za miguu, yaani mishipa ya fahamu.

Sababu kubwa ni kisukari, lakini si hicho peke yake. Ukoma huharibu neva, na vivyo hivyo pombe nyingi ya muda mrefu, figo zilizoshindwa kazi, na upungufu wa vitamini B12, ambao huweza kuwapata pia watu waliotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Baadhi ya dawa za saratani huacha ganzi mikononi na miguuni. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuleta ganzi, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Wapo pia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao miguu yao ilikufa ganzi wakati wa stavudini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Mwongozo huu unawahusu wote hao, ndugu wanaowahudumia, na vijana wa saluni pamoja na wale wanaopita nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi wakiwa na beseni na kikapu cha rangi za kucha.

Neva zinazofika miguuni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, na ugonjwa huanzia kwenye ncha zake. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni na kupanda taratibu, kama soksi inayovutwa. Si hisia peke yake inayopotea. Neva zinazoendesha misuli midogo ya mguu zikidhoofika, vidole hujikunja na sehemu chache za unyayo hubeba uzito kuliko kawaida, na hapo ngozi hujenga sugu. Neva zinazoamuru jasho zikidhoofika, ngozi hukauka na visigino hupasuka magaga. Anayemtengeneza miguu mtu huyu hukutana basi na ngozi kavu, sugu nene na kucha ngumu, yaani vitu vilevile vinavyomshawishi fundi kushika wembe, na chini yake kuna nyama isiyoweza kumwambia mwenyewe kwamba imekatwa.

Hatua ya kwanza: Pima hisia na mzunguko wa damu kabla ya kugusa kucha

Kliniki ya kisukari hupima hisia kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Nyumbani kipo kipimo rahisi zaidi kisichohitaji kifaa chochote, ambacho kilibuniwa katika hospitali ya Ipswich nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011. Mwenye miguu hulala au huketi na kunyoosha miguu, kisha hufumba macho. Ndugu yake humgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili tu, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, na kila anapohisi mguso hutamka "kulia" au "kushoto". Usibonyeze, usitekenye, wala usirudie mahali ambapo hakuhisi. Miguso ni sita kwa jumla. Asipohisi miwili au zaidi, mchukulie kuwa mtu ambaye miguu yake imepoteza ulinzi wake, hata kama yeye mwenyewe anasema hana tatizo.

Kipimo cha pili ni cha mzunguko wa damu, na hiki afanye mhudumu wa afya, kwa sababu mguu wenye ganzi ukiwa na mzunguko mzuri wa damu hupona kidonda, lakini mguu wenye ganzi na damu kidogo unaweza kukosa kupona hata mchubuko. Dalili za kukutahadharisha ni mguu ulio baridi kuliko mwenzake, ngozi iliyobadilika rangi na kung'aa, vinyweleo vilivyotoweka, na maumivu ya nyuma ya mguu yanayokulazimisha kusimama baada ya kutembea kidogo.

Majibu ya vipimo hivi ndiyo yanayoamua nani aende saluni na nani asiende. Kwa maoni yangu, mtu aliyewahi kupata kidonda cha mguu, aliyekatwa kidole, mwenye vidole vilivyopinda sana, mwenye damu isiyofika vizuri miguuni, au mwenye jeraha lolote lililo wazi siku hiyo, asikubali mikono ya saluni hata kidogo. Kucha na sugu zake zishughulikiwe kliniki. Mwenye ganzi peke yake anaweza kutengenezwa kucha na kupakwa rangi akapendeza kama mtu mwingine yeyote, kwa masharti ninayoyaeleza huko mbele. Hata huyu aonwe miguu na mhudumu wa afya angalau mara moja kila miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda kila mwezi mmoja hadi mitatu.

Hatua ya pili: Macho yachukue kazi ya maumivu

Maumivu ni mlinzi wa mguu, na mlinzi huyo akiwa hayupo lazima macho na mikono vishike zamu. Angalia miguu kila siku kwa saa ileile, mahali penye mwanga wa kutosha: juu ya mguu, chini ya unyayo, kisigino, kuzunguka kila kucha, na katikati ya vidole, mahali ambapo watu wengi hupasahau. Asiyeweza kuinua mguu aweke kioo sakafuni na kuushikilia unyayo juu yake. Kwa kuwa kisukari kinaweza kudhuru macho pia, usimwachie mzee kazi hii peke yake kwa sababu tu amesema ameangalia na hakuna kitu. Mwombe ruhusa kwa adabu, umwangalie wewe.

Unatafuta mchubuko, lengelenge, wekundu, uvimbe, mpasuko, utandu mweupe wa fangasi katikati ya vidole, harufu, unyevu kwenye soksi, au doa jeusi ndani ya sugu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, na huenda ukajitokeza kama weusi uliozidi au mng'ao usio wa kawaida, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la miguu miwili mahali palepale, kisigino kwa kisigino na gumba kwa gumba. Wataalamu wenye kipimajoto cha ngozi huanza kuwa na wasiwasi tofauti inapozidi nyuzi 2.2 kwa siku mbili mfululizo. Kiganja si kipimajoto, lakini kiganja kinachogusa kila siku huizoea miguu hiyo na hutambua siku imebadilika.

Muislamu anayetawadha ana nafasi hii mara kadhaa kwa siku, kwani hupitisha vidole katikati ya vidole vya miguu. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwamba udhu wa alfajiri ndio uliomwonyesha kidonda chake cha kwanza, kwa sababu mkono uligusa utelezi ambao mguu haukuuhisi. Kinachobaki ni kubeba kitambaa kidogo kikavu, kwa kuwa maji yanayoachwa katikati ya vidole mara tano kila siku hulainisha ngozi na kualika fangasi.

Hatua ya tatu: Osha, lakini usiloweke

Katika familia yetu somo hili lilitufikia kwa beseni. Mama alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na mdogo wangu wa kike, kwa mapenzi tu, alimwandalia maji ya moto yenye chumvi ili aloweke miguu iliyokuwa ikimsumbua usiku. Mama akatumbukiza miguu, akasema maji ni mazuri, akamwombea dua binti yake, wakaendelea na mazungumzo. Asubuhi tulikuta malengelenge mawili makubwa juu ya vidole, na ikachukua miezi ya kusafisha na kufunga kabla ngozi haijarudi. Hakuna aliyefanya uzembe. Aliyeyaonja maji alikuwa mama mwenyewe, kwa mguu uleule usiohisi.

Kwa hiyo maji yasipimwe kamwe kwa mguu wenye ganzi, na kama ganzi imeshafika vidole vya mikono, yasipimwe kwa mikono pia. Tumia kiwiko, au mwombe mtu mwenye hisia kamili aingize mkono, au tumia kipimajoto na uhakikishe maji hayazidi nyuzi 37, ambazo ni joto la mwili wenyewe. Maji ya nyuzi 60, ambayo mtu mwenye hisia angeruka mara moja, huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Tangulia kumimina maji baridi kwenye beseni, kisha ongeza ya moto kidogo kidogo, na mguu usiingie mpaka uchanganyaji umekwisha. Tabia ya kuongeza birika la maji ya moto wakati miguu imo ndani ndiyo inayounguza wengi.

Hata maji yakiwa vuguvugu, osha kwa dakika mbili tatu na utoe. Kuloweka kwa nusu saa huondoa mafuta ya asili, hufungua nyufa za magaga, na hulainisha ngozi kiasi kwamba msuguano mdogo unaichuna. Chumvi, siki, magadi, ndimu na dawa kali za kuua wadudu zilizomiminwa bila kipimo havina msaada kwa mguu huu. Ndimu na siki huchoma mpasuko ambao mwenyewe haujui. Sabuni ya kawaida ya kuogea inatosha.

Baada ya hapo kausha kwa taulo laini, ukibonyeza badala ya kusugua, na uingize ncha ya taulo katikati ya kila vidole viwili. Taulo jeupe lina faida ya pekee, kwani doa la damu au usaha huonekana papo hapo. Paka mafuta ya mgando, au krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 25 kama inapatikana duka la dawa, juu ya mguu, kisiginoni na chini ya unyayo. Usipake katikati ya vidole. Asubuhi na usiku kila siku, kwa wiki kadhaa, hulainisha magaga kuliko msasa wowote. Mafuta yaliyobaki unyayoni yafutwe kabla ya kusimama, maana sakafu ya vigae na unyayo wenye mafuta vimewaangusha wengi.

Hatua ya nne: Kucha

Kata baada ya kuosha, wakati kucha zimelainika, ukiwa umeketi mahali penye mwanga. Tumia kikata kucha au mkasi maalumu wa kucha, usitumie wembe wala kisu. Kata kwa kunyoosha, usifuate mviringo wa kidole, na usichimbe pembe za kucha, kwa sababu pembe iliyochimbwa huota kuingia nyamani na kufungua mlango wa usaha. Kata kidogo kidogo badala ya kuibana kucha nzima kwa mkato mmoja, na uache urefu unaolingana na ncha ya kidole. Makali ya pembeni yalainishwe kwa msasa wa kucha, ukiupeleka upande mmoja tu.

Ngozi laini inayozunguka kucha iachwe kama ilivyo. Najua ndiyo inayofanya kucha zilizopakwa rangi zionekane nadhifu, na najua fundi mzuri hujivunia kuisukuma na kuikata, lakini ngozi hiyo ndiyo kizibo kinachozuia wadudu wasiingie chini ya kucha. Ukiitaka iwe laini, ipake mafuta.

Kucha nene, za njano, zinazomomonyoka, mara nyingi huwa na fangasi, na zikinenepa sana hugeuka kuwa kama kijiwe kinachokandamiza nyama iliyo chini yake. Hizo zisikatwe nyumbani kwa nguvu, zipelekwe kliniki. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye macho yake hayaoni vizuri au mkono wake unatetemeka: kumwomba mwanawe amkatie si kujidhalilisha.

Hatua ya tano: Magaga na sugu

Hapa ndipo wembe huingia, na hapa ndipo ninapoomba niaminiwe zaidi kuliko mahali pengine pote. Sugu si uchafu. Ni alama ya mahali ambapo uzito unaegemea kupita kiasi, na kwenye mguu usio na hisia sugu nene hukandamiza nyama ya ndani mpaka nyama hiyo inachanika na kutoa damu chini ya ngozi iliyo nzima. Ukiona doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu, chukulia kwamba kidonda kimeshaanza ndani, na uende hospitali siku hiyohiyo.

Sugu inahitaji kupunguzwa kweli, lakini na mhudumu wa afya aliyefunzwa, anayetumia kisu safi cha hospitali na anayejua pa kuishia. Nyumbani unaweza tu kusugua taratibu kwa jiwe laini la miguu, baada ya kuosha, mara moja au mbili kwa wiki, kwa mikono ya mtu anayehisi, na kuacha ngozi ikiwa bado na unene. Kipimo chako kisiwe ulaini wa kisigino cha mtoto mchanga. Kikwangulio chenye matundu kama cha kukwangulia tangawizi, ambacho siku hizi kinauzwa kila mahali, kisikaribie mguu huu. Mashine za kusugua zinazozunguka pia zina hatari yake, kwa sababu huzalisha joto na anayesuguliwa hawezi kusema "basi".

Dawa za maji na plasta za kuondoa sugu zinazouzwa bila cheti mara nyingi huwa na asidi ya salisiliki, na vivyo hivyo baadhi ya soksi za plastiki zenye maji ya kuchuna ngozi. Asidi haiwezi kutofautisha sugu na ngozi nzima. Kwa mwenye hisia kamili, muwasho humwambia aioshe. Kwa mwenye ganzi, itaendelea kula mpaka anapofungua plasta kesho yake.

Magaga yaliyopasuka mpaka yakatoa damu si jambo la saluni tena. Yafunikwe kwa kitambaa safi cha kidonda na yaonwe na daktari, kwa sababu ufa mmoja wa kisigino unatosha kuingiza maambukizi.

Hatua ya sita: Ukienda saluni, au fundi akija nyumbani

Simlaumu kijana wa beseni. Anafanya kazi halali, mikono yake ni myepesi, na kwa kuwa huiona miguu ya watu wengi kwa siku kuliko wauguzi wengi, angefundishwa kidogo angeweza kuwa wa kwanza kumwambia mtu kwamba chini ya unyayo wake kuna kidonda. Tatizo ni kwamba beseni lake moja na vifaa vyake vilevile hutoka mguu wa mtu mmoja kwenda mguu wa mwingine, na kwamba wateja wenyewe hawamwambii kitu.

Kwa hiyo sema kwanza, kabla hajafungua kikapu. Baada ya salamu, mwambie waziwazi: "Mdogo wangu, mimi nina ganzi ya miguu, ukinikata sitajua. Naomba usitumie wembe, usikate wala usisukume ngozi ya kucha, na usiniloweke. Vifaa vyangu ni hivi hapa." Fundi mwenye kuheshimu kazi yake hatachukia. Akisema hakuna shida, yeye ana uzoefu, halafu akashika wembe, mshukuru na umlipe muda wake, kisha uondoe mguu.

Vifaa vyako viwe ni kikata kucha, msasa wa kucha, jiwe la miguu, taulo na, ikiwezekana, beseni lako mwenyewe. Msasa wa karatasi na jiwe havisafishiki kikamilifu, ndiyo maana havifai kuazimana hata kati ya dada na dada. Vya chuma vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kisha vilowekwe kwa dakika 10 katika maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5: kama chupa ya dawa ya kufulia nguo nyeupe imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji. Halafu visuuzwe na kukaushwa ili visishike kutu. Kuvichemsha kwa dakika 20 pia husaidia sana, ingawa hakuui kila aina ya kijidudu. Kinachoua vyote ni mashine ya mvuke wa shinikizo, kama ile ya hospitali inayofika nyuzi 121. Kile kisanduku chenye taa ya bluu kinachowekwa mezani katika baadhi ya saluni hakifanyi kazi hiyo.

Viti vya saluni vyenye beseni linalozungusha maji kwa mashine vipitwe mbali. Mwaka 2000 huko kaskazini mwa California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yasiyopona upesi kutokana na bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu, waliokuwa wamejificha kwenye nywele na uchafu nyuma ya vichujio vya mabeseni ya namna hiyo. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa hatarini zaidi, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana. Basi asiyetaka kuacha kunyoa asinyoe siku moja au mbili kabla ya miadi.

Mwambie fundi pia asikusugue kwa chumvi wala sukari ya chengachenga, na masaji yawe mepesi, yasipite juu ya uvimbe. Akikukata kwa bahati mbaya, kazi isimame hapo. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe, na lionwe na mhudumu wa afya, hata kama ni dogo kama punje ya mtama.

Rangi ya kucha si haramu kwa mwenye ganzi. Shida yake ni kwamba inaficha kucha yenyewe, ambayo ingeonyesha damu iliyovilia au fangasi inayoanza, kwa hiyo iondolewe baada ya wiki moja au mbili na kucha ziachwe wazi siku kadhaa ili ziangaliwe. Rangi isiyo na weusi ni bora. Kucha za kubandika miguuni siziungi mkono kabisa: gundi yake, tupa ya kuzikwangua na unyevu unaonasa chini yake ni hatari tatu kwa pambo moja.

Kwa sisi wa pwani lipo suala la hina. Hina ya majani haina ubaya kwa ngozi nzima, lakini ikipakwa unyayoni huacha rangi kwa siku nyingi, na chini ya rangi hiyo wekundu hauonekani. Bibi arusi, au mama yake, mwenye ganzi apakwe mikononi. Piko, yaani rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, ni jambo jingine: nyingi huchanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, na mwenye ganzi hatahisi yanapoanza.

Hatua ya saba: Viatu, jiko na panya

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba, hata kutoka kitandani kwenda chooni. Kandambili za kamba katikati ya vidole huchubua, na huchomoka. Viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma, au raba laini zenye nafasi mbele, ni bora zaidi. Ndani ya kiatu pawe na sentimita moja hadi mbili mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Nunua jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo, na kwa kuwa mguu wenyewe hauwezi kukuambia kama kiatu kinabana, chora unyayo wako kwenye karatasi ngumu ukiwa umesimama, uikate, uende nayo sokoni. Ikijikunja ndani ya kiatu, kiatu hicho si chako, hata kama ni mtumba wa bei nzuri. Kila asubuhi ingiza mkono ndani kabla ya mguu, kwani misumari, kokoto na vizibo vya soda vimekutwa humo baada ya mtu kuvikanyaga kutwa nzima.

Jiko la mkaa hukaa chini, karibu na miguu ya anayepika. Mpishi mwenye ganzi akae mbali nalo kuliko anavyodhani inatosha, na anayepanda bodaboda aangalie bomba la moshi anapopanda na kushuka. Kwenye vijiji vyenye funza, miguu iangaliwe mara mbili kwa siku.

Usiku lipo jambo ambalo watu huona aibu kulitaja. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioletwa hospitali wakiwa wameng'atwa miguu na panya usingizini bila kuamka. Miongo kadhaa kabla ya hapo, daktari Paul Brand aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, aligundua jambo hilohilo juu ya vidole vya wagonjwa wake, akawapa paka. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, miguu iliyooshwa harufu ya chakula, soksi safi za pamba zisizobana, na chumba kisicho na makombo ni kinga inayowezekana katika nyumba yoyote.

Hatua ya nane: Ukikuta kidonda

Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi cha kidonda, usibandike plasta yenye gundi kali juu ya ngozi dhaifu, na uende kituo cha afya ndani ya saa 24. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya breki, unga wa vidonge vya antibiotiki wala majani yaliyotwangwa. Usitumbue lengelenge. Usiukanyagie mguu huo kadiri inavyowezekana, maana kidonda cha unyayo kinachotembelewa hakifungi, na asiyesikia maumivu huwa ndiye anayekitembelea zaidi. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kama kuna homa, harufu mbaya, weusi unaoenea, au wekundu unaopanda mguuni, usisubiri kesho. Nenda hospitali usiku huohuo.

Ipo dharura moja isiyo na kidonda chochote, nayo huwapotosha hata wahudumu. Mguu mmoja unavimba, unakuwa moto kuliko mwenzake, na mwenyewe anautembelea kama kawaida kwa sababu hauumi au unauma kidogo tu. Inaweza kuwa mifupa inavunjika na viungo vinateguka ndani, hali ambayo madaktari huiita mguu wa Charcot, na kila hatua anayopiga inazidi kuuharibu umbo. Mwinue mguu, mkataze kuukanyaga, mpakie kwenye gari, na mkifika mwambieni daktari maneno haya kwa mfuatano huu: ana ganzi ya miguu, mguu huu umepata joto tangu siku fulani, na hakumbuki kuumia.